Mahali Popote

Jumapili nyumbani kwetu Nyahanga, Kahama, ilikuwa na ibada mbili. Ya kwanza ilikuwa misa, na humo baba alisinzia bila aibu yoyote. Ya pili ilianza saa nane mchana, sahani za ugali zikishaondolewa, na humo ole wako usinzie wewe. Baba alifuta kioo cha televisheni kwa kitambaa chake cha mfukoni, akatoa sanduku la bati alilowekea sidii zake, akauliza swali lile lile la wiki iliyopita: "Leo tuanze na nani, mlinzi au mtu wa ngazi?" Hatukujihangaisha kujibu, maana alikuwa ameshachagua.

Mtu wa ngazi alikuwa kwenye filamu za zamani za kizungu, zile nyeusi na nyeupe ambazo watu wake wanafungua mdomo na sauti haitoki. Jamaa mmoja mnene anatumwa apeleke ngazi upande wa pili wa mji, na kila akigeuka ngazi inampiga mtu. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote, nusu saa nzima. Anampiga polisi, anampiga padri, anampiga bibi harusi, na mwisho anajipiga mwenyewe, jambo ambalo mpaka leo sijaelewa linawezekanaje. Baba alikuwa ameiona mpaka sidii imepasuka pembeni. Hata hivyo, kila padri alipotokea kwenye kona, baba alimshika goti aliyekaa karibu naye na kunong'ona kwa uchungu, "Padili huyo, anakuja, hajui!" Kama vile ipo siku padri angejua, akapita njia nyingine.

Lakini kipenzi chake hasa alikuwa mlinzi. Huu ulikuwa mchezo wa Kiswahili, wa televisheni, wa miaka ile mimi niko shule ya msingi. Mlinzi wa geti kwenye nyumba ya tajiri mjini, na bila shaka ni Msukuma, maana watunzi wa michezo wa wakati ule wakihitaji mjinga walikuwa wanatuagiza sisi. Shati kalifunga mpaka kifungo cha koo, na r hana hata moja. Bosi wake anamwambia asimfungulie mtu yeyote asiyepiga hodi. Mwizi anakuja, anapiga hodi. Mlinzi anafungua, anamkaribisha, anamshikia na mfuko. Bosi anakuja juu, povu linamtoka, na mlinzi anamjibu kwa utulivu kabisa: "Lakini amepiga hodi, bosi. Wewe mwenyewe hupigagi."

Hapo baba alikuwa amekwisha. Alianza kucheka kabla mwizi hajafika getini: kwanza mabega, halafu mluzi fulani wa puani, halafu anaupiga mkono wa kochi mpaka vumbi linapanda. Mama alilishona kochi hilo mara mbili na mara ya tatu akasema kila mtu abebe msalaba wake.

Mwenzake baba katika ibada hiyo alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mkavu, miwani imefungwa kwa uzi. Hao wawili waliwahi kununiana wiki nzima wakibishana kama mfuko wa mwizi ulikuwa gunia au begi. Baba aliweka sidii iwe ushahidi. Ikaonekana ni begi. Mwalimu akasema sidii imekosea.

Sasa niseme habari ya ulimi, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyojiingiza matatani. Baba alikuwa dereva wa lori la pamba. Kiswahili alikiokota njiani, stendi kwa stendi, na nyumbani kwao walizungumza Kisukuma tu, lugha isiyo na kazi na r. Kwa hiyo baba alisema habali, balabala, halusi. Nyahanga nzima haikuona ajabu, maana nusu ya Nyahanga inasema hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo mpaka nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni Morogoro. Siku ya kwanza niliuliza bafu liko wapi maana nataka kuoga halaka. Bweni zima likaanguka vitandani. Watoto wana roho mbaya, jamani! Nilianza kujifunza r chooni, mswaki mdomoni, rara riri ruru, mpaka ulimi ukaniuma. Niliporudi likizo baba alinisikiliza, akamwambia mama kwa fahari, "Huyu sasa ni msomi. Sikia ulimi unavyotetemeka."

Nilipomaliza masomo nilifungua duka la steshenari Geita mjini, Kalangalala. Natoa kopi, nachapa barua, na wateja wakiwa wachache nawasha filamu za baba kwenye kompyuta, maana alinijazia flashi nzima ili nisipotee kiimani. Ndipo akaja huyu mwanamume. Fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, mtu wa Tanga, vumbi mpaka kwenye kope. Alileta kitambulisho nimtolee kopi. Mtu wa ngazi ndiyo kwanza alikuwa anamkaribia padri. Yule fundi akatupa jicho kwenye kioo, akasahau kilichomleta, akaanza kucheka. Alicheka akaegemea mashine ya kopi, mashine ikatema karatasi tupu mfululizo, na yeye anazishika huku anacheka na kuomba radhi. Wasichana wengine wanasema waliona sura, au macho, au gari. Mimi niliona kicheko, nikasema moyoni, huyu ni wangu.

Miaka miwili baadaye akasema anataka kuja nyumbani. Na mimi, badala ya kufurahi, nikaingia baridi.

Huyu mtu alikuwa na ugonjwa wa kuigiza. Kiswahili amezaliwa nacho, kinamtoka laini, na wateja wangu wakishatoka alikuwa anawarudia: "Dada, nitolee balua hii kulasa mbili." Hakuwa na ubaya, na kusema kweli alikuwa anapatia, hata mimi nilikuwa nacheka. Lakini nilipomfikiria amekaa kwenye kochi letu, baba anamwambia kalibu mwanangu, habali za safali, na yeye anapasuka kama alivyopasuka kwenye mashine yangu ya kopi, nilifunga duka mchana kweupe. Niliapa. Siku atakayomcheka baba yangu ndani ya nyumba ya baba yangu, ndoa hakuna, nitabaki na steshenari yangu nizeeke nayo.

Kwa hiyo nikamkataza.

"Ukifika kwetu usicheke," nikamwambia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Baba akisema kitu, wewe angalia miguu yako."

"Na akiweka ile ya ngazi?"

"Nayo usicheke. Wewe ukianza huna breki."

Akaniangalia kama naumwa, lakini ni mwanamume mtiifu. Wanaume watiifu ni hatari sana, wanafanya kweli ulichosema.

Siku ya kwanza alikuja na sukari, vitenge vya mama na kofia ya baba. Baba alimpokea kwa mikono miwili, akampa kiti cha mbele kabisa, kile cha mwalimu, heshima ambayo hata paroko hakuwahi kuipata. Akaweka mlinzi. Mwizi akapiga hodi. Baba tayari yuko kwenye mluzi, mwalimu anapangusa miwani, mama jikoni anacheka kwa kusikia sauti tu bila kuona picha. Mchumba wangu anaangalia soksi zake. Mlinzi akajibu lile jibu lake. Mchumba wangu akasema, "Eh. Maisha haya." Baba akazima televisheni katikati, kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nizaliwe.

"Ana meno huyo mtu?" aliniuliza jioni alipoondoka.

"Ni mpole, baba."

"Mpole? Mtu asiyecheka mwizi akishikiwa mfuko, huyo atakutesa ndani. Nimeendesha loli na watu wa namna hiyo. Hawacheki, halafu siku moja wanakuacha polini na loli."

"Labda ana vidonda vya tumbo," mama akasema, akijaribu kunisaidia.

Mara ya pili baba alimwita makusudi, na mwalimu akaja awe shahidi. Waliweka mtu wa ngazi. Hawakuangalia filamu hata kidogo. Walikaa pembeni wakimkodolea macho mgeni kama madaktari wanaosubiri dawa ifanye kazi. Yule maskini alikuwa amejiandaa: alikuwa na pilipili kwenye leso na kila ngazi ilipoinuka aliing'ata. Ngazi ikampiga padri. Machozi yakamtoka, jasho likamtoka, pua ikamwaga, na uso ukabaki vile vile. Baba akamwambia mwalimu, kwa Kisukuma ili mgeni asielewe, kwamba huyu hafai kuoa, labda kulinda benki.

Nilikuwa na uwezo wa kusema kweli. Sentensi moja tu: baba, mimi ndiye niliyemkataza. Lakini baba angeuliza kwa nini, na hilo jibu sikuwa na mdomo wa kulitoa. Nikamwacha mwanamume wa watu aonekane gogo.

Mama ndiye aliyeokoa jahazi kwa muda. Alisema binti ameshafikisha umri wa kuitwa dada na watu wenye mvi, basi waje wazee wa kijana, tusikilize. Baba akakubali haraka mno, nikajua ana lake. "Waje tu," alisema, huku anafuta sidii zake moja moja. "Nitawatajia mahali ya kuwakimbiza mpaka Tanga."

Alimaanisha mahari. Mtaniwia radhi, hili inabidi niliweke wazi mapema kuliko lilivyowekwa wazi kwetu. Kwa baba, mahari ilikuwa mahali, na mahali pia ilikuwa mahali, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa, maana ng'ombe ni ng'ombe na uwanja ni uwanja. Angesema bukwi, kama tunavyosema Kisukuma, mambo yangeenda vingine kabisa. Lakini alitaka kuwaheshimu wageni kwa Kiswahili.

Mchumba wangu alimleta mjomba wake awe mshenga. Mjomba alikuwa hajawahi kuvuka Dodoma maishani mwake. Kanzu nyeupe, fimbo, na Kiswahili kilichopigwa pasi. Alishuka Kahama akiwa anauliza kama hapa bado ni Tanzania. Waliingia saa tisa alasiri. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa. Mimi kwa desturi sikutakiwa kuonekana, kwa hiyo nilikuwa kwenye korido nyuma ya pazia na mama, tumebanana, kila mtu na tundu lake. Sebuleni alikuwepo baba, mwalimu kama mzee wa upande wetu, mjomba, na mchumba wangu aliyeshaanza kuangalia soksi.

Baba akakohoa. "Basi," akasema, "tumeshajuana. Sasa tuzungumze mahali."

"Ah, mahali!" mjomba akasema, uso umechanua. "Mzee mwenzangu, mahali si jambo la kutusumbua hata kidogo. Sisi ni mahali popote."

Nilimwona baba akiinamisha kichwa kidogo. Alikuwa amejiandaa kupigana, na mtu amemfungulia mlango.

"Popote?" akauliza.

"Popote mtakapotaja nyinyi. Binti ni wenu, neno ni lenu."

"Hata ikiwa kubwa?"

"Pakubwa ndiyo heshima ya bibi harusi! Mahali padogo watu hubanana, jasho likawatoka."

"Hapo umesema kweli," baba akajibu, na sauti ikaanza kulainika. "Mahali inatoa jasho. Mahali ya mama yake ilinitoa jasho miaka miwili."

"Miaka miwili! Mlikuwa mnatafuta?"

"Kutafuta na kuswaga."

Mjomba hakuelewa kwamba kuswaga ni kuongoza ng'ombe njiani, nikaona kabisa, lakini mtu wa adabu hakatizi maneno ya mwenyeji. Alichukulia kwamba huku bara kila kitu kinasemwa upande upande. Akageukia vitu vya maana. "Sasa mngependa pawe na kivuli? Au tutundike turubai?"

"Tulubai ya nini?"

"Ya kufunika mahali, jua lisichome."

Baba akacheka kidogo kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Mzee mwenzangu, mahali haifunikwi tulubai. Mahali imezoea jua. Tena inakuja kwa miguu yake yenyewe."

"Mahali... inakuja?"

"Inatoka kwenu, inakuja hapa. Ikifika tunaikagua. Ikiwa na kilema tunailudisha."

Nyuma ya pazia mama alikuwa ameniuma bega. Sisemi kwa mfano. Alikuwa ameweka meno yake begani kwangu ili asitoe sauti. Nilitaka kutoka nikawaeleze, akanishika kitenge. "Kaa," akaninong'oneza. Na mwalimu pale sebuleni alikuwa ameelewa tangu kwenye turubai, nilimwona miwani inavyocheza, lakini hakusema neno. Mpenzi wa vichekesho hazimi sidii katikati.

Mjomba alimgeukia mpwa wake akiwa na hofu ya kweli. "Mwanangu," akasema taratibu, "hukuniambia. Sisi kwetu mahali hapatembei."

Hapo ndipo fundi wa karasha alipopasuka.

Sijui niseme nini. Kilikuwa kicheko cha miezi yote ile, cha mlinzi, cha ngazi, cha pilipili. Alianza kwa kukoroma, akajiziba mdomo, kikatokea puani, akateremka kutoka kwenye kochi mpaka chini, akapiga sakafu kwa kiganja. Nilijua yamekwisha. Amemcheka baba yangu, ndani ya nyumba ya baba yangu, mbele ya mashahidi.

"Kijana," baba akasema. "Unacheka nini?"

"Mahali, mzee," akajibu, machozi yanamtoka. "Nacheka mahali."

"Mahali gani?"

Basi hilo nalo likamrudisha sakafuni, na safari hii mwalimu akaenda naye. Mwalimu ndiye aliyepata pumzi kwanza, akaeleza kwa vidole viwili: kuna hii yenye r ya ng'ombe, na kuna hii yenye l ya kukaa. Baba alisikiliza. Aliangalia kidole kimoja, akaangalia cha pili. Akamwangalia mjomba aliyetaka kufunika ng'ombe kwa turubai. Mabega yakaanza. Kisha mluzi. Kisha akaupiga mkono wa kochi, na vumbi likamwingia mjomba kwenye kanzu, na mjomba mwenyewe akaanza kucheka akiwa bado hajaelewa vizuri anachochekea.

"Ludisha nyuma!" baba alipiga kelele. "Ludisha! Anzia pale pa mahali popote!"

Na wakarudia, haki ya Mungu. Wazee watatu walirudia mazungumzo ya posa tangu mwanzo, kila mtu maneno yake, na mjomba akishakosea kidogo baba anamsahihisha. Mara ya pili mjomba aliongeza na viti vya plastiki. Ikawa nzuri zaidi.

Walipochoka baba alifuta macho, akamwinua mchumba wangu kwa mkono. "Gashi una meno!" akamwambia, maana gashi kwetu ndiyo kumbe. "Mwanangu, una kicheko kizuli namna hiyo, kwa nini ulikuwa unanificha?"

"Nilikatazwa, mzee."

"Na nani?"

Yule mtiifu wangu, amelewa kicheko chake, akaelekeza kidevu kwenye pazia.

Baba akaliangalia pazia. Kwenye tundu langu tulikutana macho, najua aliniona. Mabega yake, yaliyokuwa bado yanacheza kidogo, yakatulia. Halafu akageuka, akasema kijana amepata mke, ng'ombe watazungumzika, mama alete chakula.

Alinifuata jikoni wageni wakinawa mikono. Nilikuwa nageuza wali ambao haukuhitaji kugeuzwa.

"Ulimkataza kwa nini?"

"Niliogopa atakucheka, baba."

"Anicheke nini?"

Niligeuza wali tena. Yeye akasubiri, halafu akajijibu mwenyewe, akagusa mdomo wake kwa kidole. Alifanya hivyo polepole, kama mtu anayegusa jino linalouma.

"Na mlinzi?" akauliza. "Miaka yote tumekaa pale tunamcheka mlinzi, mimi na wewe. Ulidhani namcheka nani?"

"Sijui, baba."

"Mimi namcheka bosi," akasema. "Ana nyumba, ana geti, na hapigi hodi kwake mwenyewe. Wewe ulikuwa unamcheka mlinzi?"

Akatoka. Nilibaki na mwiko mkononi. Niliwahi kutukanwa na madalali wa dhahabu, watu wanaotukana kitaaluma, lakini hakuna aliyewahi kunichapa namna ile. Maana ndiyo, nilikuwa namcheka mlinzi. Tangu Morogoro nilikuwa namcheka mlinzi, na nilikuwa nakaa pembeni ya baba, bega kwa bega, nikidhani tunacheka kitu kimoja.

Nilijaribu kuomba msamaha. Jumapili iliyofuata nilisafiri kutoka Geita makusudi. "Nikusamehe nini?" akasema. "Hujaniibia." Sidii aliweka, alicheka, lakini mbele yangu alianza kuzungumza kidogo, na akizungumza alikuwa anachagua maneno. Alikuwa anazunguka. Badala ya kusema barabara alisema njia. Badala ya kusema kesho nisafiri salama alisema nenda salama. Nilimsikia anavyoruka kila r mtaani kwake kama mtu anayeruka madimbwi, na nilijua ni mimi niliyeyamwaga yale maji. Niliumia, na nilikasirika pia, sijui kwa nani.

Ikafika sherehe ya kuniaga. Ukumbi mdogo hapo hapo Kahama, mchana, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, mshereheshaji mwenye kelele kuliko spika zake. Upande wa kulia watu wa Tanga, wamependeza, wametulia. Upande wa kushoto sisi. Mimi nimekaa mbele, nimepakwa rangi mpaka siwezi kukunja uso. Mshereheshaji akamwita baba atoe neno.

Baba akasimama akatoa karatasi. Hajawahi kusoma hotuba maishani. Mtu wa lori anaongea tu. Niliinama kwa mama. "Nini hicho?"

"Usimwangalie," mama akasema. "Mwezi mzima anakwenda kwa mwalimu jioni. Hataki kukutia aibu kwa watu wa Tanga."

Baba akashika maiki mkono mmoja, karatasi mkono wa pili.

"Ndugu wageni waarikwa," akaanza.

Mama akanishika mkono.

"Nimefurahi kuwaona. Mmetoka mbari. Mmesafiri usiku kucha, hamjarara." Alikuwa anasoma polepole, na kila r ilipofika alikaza shingo, ikatoka imetetemeka vizuri kabisa, r nzuri kuliko zangu. Tatizo ni kwamba alikuwa amezipenda mno. Alikuwa ameziweka kila mahali. "Binti huyu nirimpereka shure, akasoma, akafauru."

Walioanza kucheka walikuwa wetu. Watu wa Nyahanga, majirani, watu wenye halaka na halusi zao mdomoni, wakaanza kuibana midomo. Mshereheshaji akageukia ukuta. Watu wa Tanga hawakucheka. Walikunja nyuso kwa heshima, wakijaribu kuelewa. Baba akasikia. Akasimama katikati ya neno, jasho kwenye kipaji. Hakuwaangalia waliocheka. Aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akaniangalia mimi peke yangu, aone kama amepatia.

Bibi harusi haongei kwenye sherehe ya kuagwa. Anainamisha kichwa, analia kidogo, anafutwa. Mimi nilisimama. Nikatafuta ulimi wangu wa zamani, ule niliouua chooni kwa mswaki, na niliogopa sana kwamba haupo.

"Baba!" nikapiga kelele, bila maiki, ukumbi mzima usikie, Tanga na Nyahanga. "Halaka basi! Watu wamekaa kwenye joto, wali unapoa, na wewe unatusomea balua! Ongea!"

Mchumba wangu hakuangalia soksi. Aliniangalia mimi, mdomo wazi. Baba alinitazama kwa muda mrefu, maiki imesahaulika karibu na shingo, tukawa tunasikia anavyohema.

"Gashi ulimi wako bado upo," akasema.

Akaikunja karatasi ya mwalimu mara nne, akaiweka chini ya chupa ya soda, akageukia upande wa kulia.

"Watu wa Tanga," akasema, "kalibuni."